Magoti ya wazee wetu na jibu la "huo ni uzee"

Mimi ni mkalimani katika kituo kimoja cha afya hapa Nakivale. Kazi yangu ni kukaa katikati ya mgonjwa na daktari, nikichukua Kiswahili chetu cha Kongo na kukipeleka kwa Kiingereza, halafu nikirudisha jibu. Mimi si daktari. Haya nitakayoandika nimeyasoma, nimewauliza wataalamu, na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Nayaandika kwa sababu nina deni kwa mama mmoja, na nadhani deni hilo si langu peke yangu.

Mama huyo ana miaka 66. Alitoka Masisi, amelima maisha yake yote, na magoti yake yalianza kumsumbua miaka mingi kabla ya kukimbia vita. Asubuhi akiamka hukaa kwanza kitandani mpaka magoti yakubali. Goti la kulia limepinda, na akiteremka kwenda bombani kuchota maji huteremka kinyumenyume. Siku alipokuja kituoni daktari alimpima vizuri, akatazama picha ya eksirei aliyopigwa Mbarara, akasema maneno mengi kwa Kiingereza: kwamba gegedu la goti limelika, kwamba upasuaji wa kuweka goti la bandia upo na hata Kampala unafanyika lakini shirika haliwezi kuulipia, kwamba mazoezi yanasaidia na kuna mtaalamu wa kuyafundisha, kwamba ajihadhari na vidonge vya sokoni. Nje kwenye benchi watu walikuwa wengi na saa sita ilikuwa inakaribia. Mimi nikamgeukia nikasema, "Mama, daktari anasema huo ni uzee. Dawa yake hakuna. Chukua hizi za kutuliza maumivu."

Maneno ya dakika tano niliyafanya ya nusu dakika. Mama akajibu, "Aksanti, mwanangu," akaondoka na parasetamoli zake.

Mtoto wake aliyeko Marekani alipopata habari alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya jirani. Alisema huko wazee wanawekewa magoti ya chuma na wanatembea kama vijana, basi mama aombe barua ya daktari, huenda hata akapelekwa huko. Miezi mitatu mfululizo mama alikuja kuomba hiyo barua. Miezi mitatu mfululizo tulimwambia hakuna. Mwezi wa nne hakuja tena. Tulidhani amekubali.

Kumbe alikuwa ananunua sokoni vidonge vinavyouzwa katika karatasi ya plastiki, havina jina wala tarehe. Maumivu yakaisha. Alilima, alibeba kuni, akawaambia na wenzake. Baada ya miezi miwili uso wake ukavimba ukawa mviringo, watu wakasema amenenepa. Halafu choo chake kikawa cheusi kama lami, na siku moja akaanguka kwenye foleni ya maji. Gari la wagonjwa lilimpeleka Mbarara, akaongezewa damu, akapona. Vidonge vya namna hiyo mara nyingi huwa na diklofenaki na deksamethasoni pamoja. Diklofenaki huchubua tumbo mpaka litoke damu na huumiza figo. Deksamethasoni hupandisha sukari na presha, na mtu akiizoea halafu akaikatisha ghafla anaweza kuzimia. Vikichanganywa, hatari ya tumbo kutoka damu huzidi. Na mzee hajui anachomeza, kwa sababu hakuna aliyemwambia lolote zaidi ya kwamba yeye ni mzee.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya goti hili la chuma kwa ukamilifu, wanaoliomba walijue, na sisi tunaokataa tujue tunakataa nini.

Goti huharibikaje?

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja unakutana na mfupa wa ugoko, na mbele yake kuna kile kifupa cha duara kinachocheza ukikishika, yaani pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Mmechinja mbuzi mmekiona. Katikati kuna vipande viwili vingine vya gegedu vinavyokaa kama mito, na kando yake kano zinazoshika goti lisiyumbe.

Kwa watu wengine gegedu hilo hulika polepole. Mifupa huanza kukaribiana, vinyusi vidogo vya mfupa huota pembeni, maji hujaa ndani, goti hukakamaa na mwisho hupinda. Umri ni sababu mojawapo, lakini wazee wengi wa miaka 80 magoti yao ni mazima. Kuumia zamani, uzito mkubwa, kazi ya kupiga magoti na kubeba mizigo miaka na miaka, na urithi wa familia, vyote vimo. Akina mama huugua zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo anayesema "ni uzee" hajasema uongo wote, ila amefunga mlango ambao haukupaswa kufungwa.

Niongeze hapa jambo moja, maana sitaki mtu asome makala hii akabaki nyumbani na ugonjwa mwingine. Goti likivimba ghafla, likawa la moto, na mtu ana homa, hiyo ni dharura, aje siku hiyo hiyo, awe mtoto au mtu mzima. Na goti moja likivimba taratibu kwa miezi, hasa kwa mtu anayekonda na kutoka jasho usiku, linaweza kuwa kifua kikuu cha kiungo. Huyo anahitaji dawa za kifua kikuu. Wala mazoezi hayatamponya, wala chuma.

Goti la chuma ni nini?

Watu hudhani goti zima linakatwa na kutupwa, kisha linafungwa jingine kama tairi la baiskeli. Sivyo. Daktari hupasua ngozi mbele ya goti, akasogeza pia pembeni, akakata tabaka jembamba la ncha ya mfupa wa paja na la mfupa wa ugoko, pale palipoharibika tu. Juu ya mfupa wa paja huvika kofia ya chuma kilichochanganywa na madini ya kobalti na kromu. Juu ya mfupa wa ugoko huweka kisahani cha chuma, mara nyingi cha titani, na juu ya kisahani hicho kipande cha plastiki ngumu sana. Chuma huteleza juu ya plastiki, kazi iliyokuwa ya gegedu. Mara nyingi vyote hubanwa na simenti maalumu ya mifupa. Kano za pembeni hubaki za mtu mwenyewe, na misuli ni ile ile aliyoingia nayo.

Kazi hiyo huchukua kama saa moja mpaka mbili. Mgonjwa hulazwa usingizi au huchomwa ganzi ya mgongoni, akawa macho lakini hasikii chini ya kiuno. Siku hiyo hiyo au kesho yake anasimamishwa kwa fremu na kuanza kutembea, na hapo ndipo kazi yake inapoanza, maana goti lisipokunjwa na kunyooshwa kila siku hukakamaa. Maumivu ya wiki za mwanzo ni makali. Kupona kabisa huchukua miezi sita hadi mwaka. Kila goti ni upasuaji wake.

Habari ya kale inafaa hapa, kwa sababu ina somo kwetu. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck aliweka magoti ya bandia yaliyochongwa kwa pembe za ndovu. Wagonjwa wake walikuwa wale walioharibiwa viungo na kifua kikuu. Mwanzoni ilionekana imefaulu, lakini ugonjwa ulikuwa ungali ndani, usaha ukaja, kazi yote ikaharibika. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1960 na 1970, Uingereza na Marekani, ndipo lilipopatikana goti la chuma na plastiki linalofanana na hili la leo. Hata leo adui wake mkubwa ni yule yule aliyemshinda Gluck.

Je, linafanya kazi? Ndiyo, na mtoto wa yule mama hakudanganya. Mamia ya maelfu ya watu huwekewa kila mwaka huko Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikusanya hesabu za nchi kadhaa na kuonyesha kwamba katika magoti 100 yaliyowekwa, kama 82 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa mzee aliyekuwa hawezi kulala kwa maumivu, hilo si jambo dogo.

Lakini ujumbe wa sauti haukusema mengine. Kati ya watu watano waliopasuliwa, karibu mmoja huwa haridhiki, goti linaendelea kumuuma. Kama mmoja au wawili katika mia hupata usaha ndani ya goti, na kijidudu kikishika juu ya chuma, dawa peke yake mara nyingi hazikitoi. Huenda goti likafunguliwa tena, vyuma vikatolewa, mgonjwa akakaa miezi bila goti mpaka awekewe jingine. Damu inaweza kuganda mguuni na kipande kikapanda mapafuni. Na hata miaka baadaye, jipu au kidonda kilichoachwa bila tiba kinaweza kupeleka kijidudu kwenye goti kupitia damu. Mwenye goti la chuma anahitaji daktari wa mifupa ambaye anaweza kumrudia.

Sasa njoni kwenye choo. Nacheka kidogo ninapoandika, lakini ndilo swali la kwanza ambalo mtaalamu wa mazoezi alimuuliza mama yule: "Choo chako ni cha namna gani?" Goti la bandia kwa kawaida hukunjika kiasi cha digrii 110 hadi 120. Kuchutama mpaka chini kunataka zaidi ya hapo. Wale wanaowekewa huko ng'ambo hukaa juu ya choo kama wanavyokaa kwenye kiti. Choo chetu ni shimo na gogo mbili. Tunaosha vyombo chini, tunapika chini, tunapalilia tumeinama, tunapiga magoti kanisani, na ndugu zetu Waislamu wanasujudu mara nyingi kwa siku. Wengi waliowekewa goti hilo wanaona kupiga magoti ni shida, wengine hawawezi kabisa. Basi mtu akipelekwa, akawekewa, akarudishwa kwenye maisha yale yale bila hata kiti cha choo, tumemsaidia nusu.

Wasiopasuliwa wanafanyaje?

Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha kazi ambayo ningependa kila daktari wa kambi aikumbuke. Walichukua wagonjwa 100 ambao magoti yao yalikuwa yamefikia kiwango cha kupasuliwa. Nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi na huduma nyingine kwa wiki 12. Nusu walipewa hayo mazoezi na huduma bila kisu. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, tusifiche hilo. Lakini wale wengine nao walipata nafuu ya kweli, na katika 50 ni 13 tu walioamua kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Matatizo makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wa kisu.

Walikuwa watu wa Denmark, wenye viti na maji ya bomba ndani ya nyumba. Hata hivyo misuli ya paja ni misuli ya paja, iwe ya Denmark au ya Masisi. Ikiwa na nguvu, inalibebea goti uzito.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Mtu anakaa kwenye kiti kigumu, ananyoosha mguu mmoja mbele mpaka unyooke kabisa, vidole vikitazama juu, anahesabu mpaka tano taratibu, anaushusha. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Akizoea, anasimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono na kukaa tena polepole, mara 10. Halafu kutembea mahali tambarare, dakika 10 kwanza, kisha zaidi. Kuuma kidogo wakati wa mazoezi si kosa. Goti likivimba au likiuma zaidi kesho yake, apunguze, asiache. Nafuu haiji kwa wiki moja. Inachukua wiki sita, nane, kumi na mbili, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye vidonge.

Mkongojo nao una ufundi wake. Karibu kila mzee ninayemwona hapa anaushika upande wa goti bovu. Unashikwa mkono wa upande wa pili, wa goti zima, na unakwenda mbele pamoja na mguu unaouma. Jaribuni leo mtaona tofauti.

Kuhusu uzito, watafiti wa Marekani walipima mwaka 2005 wakaona kwamba kwa mtu mnene, kila kilo moja anayopunguza hulipunguzia goti kama kilo nne katika kila hatua. Ni ushauri mzuri kwa mwenye kilo za kupunguza. Kumwambia hivyo mama ambaye mgao wake umekatwa na ambaye mbavu zinahesabika ni kumtukana, na nimewahi kutakiwa kuutafsiri ushauri huo kwa mtu wa namna hiyo. Kwake yeye mzigo wa kupunguza ni ule wa kichwani. Bidoni la lita 20 ni kilo 20 za maji. Wajukuu wachote, au yachotwe mara mbili kwa bidoni la lita 10.

Parasetamoli? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unawaambia waganga wasiitoe kama tiba ya kawaida ya ugonjwa huu, kwa kuwa faida yake ni ndogo. Unaweka mazoezi mbele, kisha dawa ya kupaka ya jamii ya diklofenaki juu ya goti. Sisi hapa tumefanya kinyume: vidonge kwa kila mtu, mazoezi kwa atakayebahatika kusikia. Sindano ya kutuliza ndani ya goti husaidia wiki chache, na achome aliyefundishwa, katika mahali safi. Chale na chuku juu ya goti mimi sizitaki, hasa kwa mtu anayetumaini upasuaji siku moja, kwa sababu kila kidonda ni mlango wa vijidudu.

Barua, kamati na safari

Sasa nifike mahali penye maneno. HCR ina mwongozo wa rufaa tangu mwaka 2009. Rufaa zisizo za dharura hupitia kwenye kamati, nayo hupima matumaini ya mgonjwa kupona na gharama yake. Goti la bandia, pamoja na kulazwa na mazoezi yanayofuata, ni mamilioni ya shilingi. Kwa fedha hizo akina mama kadhaa waliokwama wakati wa kujifungua wanaweza kupasuliwa. Tangu fedha za misaada zilipopunguzwa sana mwaka 2025, hesabu hiyo imekuwa ngumu zaidi. Ningekuwa ndani ya kamati hiyo, pengine hata mimi ningechagua mama mjamzito kabla ya goti. Silalamikii uamuzi huo.

Ninalalamikia namna unavyomfikia mzee. "Hakuna." Hakuna nini? Hakuna upasuaji duniani, hakuna fedha, hakuna ruhusa, au hakuna aliyejali kumweleza? Mtu akiambiwa "hakuna" bila sababu anaelewa kwamba kipo lakini wanapewa wengine. Hapo ndipo zinapozaliwa habari za barua zinazouzwa, na mawakala wanaowaambia wazee kwamba kwa kiasi fulani cha fedha picha yao ya goti itafika ubalozini.

Wazazi wangu, picha ya goti haifiki ubalozini. Kundi la mahitaji ya tiba lipo katika taratibu za kuhamishiwa nchi ya tatu, lakini ni kwa mtu ambaye ugonjwa wake unahatarisha maisha au utampotezea kiungo au uwezo wake moja kwa moja, ambaye tiba yake haipatikani katika nchi aliyokimbilia, na ambaye kuna tumaini kubwa atapata nafuu akihamishwa. HCR ndiyo inayopendekeza, na nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Daktari wa kituo hana barua ya kumpandisha mtu ndege. Na Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, hata watu waliokuwa na tarehe ya safari wakabaki. Anayeacha mazoezi kwa kungoja goti la Marekani anapoteza misuli ambayo hata huko angeulizwa kama anayo, kwa sababu anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na paja lenye nguvu kwa kawaida huanza vizuri kuliko aliyeingia amelegea.

Kwa mashirika nina maombi manne tu, na hakuna hata moja linalohitaji chuma cha titani. Kamati ikikataa, imwandikie mgonjwa sababu kwa lugha yake, mistari mitatu inatosha, na imwambie kama jina lake limewekwa kwenye orodha au halikuwekwa. Wako wachache ambao magoti yao yamepinda kiasi kwamba mazoezi hayatoshi, na nafasi ya hisani ikipatikana katika hospitali fulani, ni vizuri wajulikane mapema. Pili, siku ya mgao wenye magoti mabovu wawe na benchi na foleni yao. Kusimama saa nne juani ni kuharibu kazi ya wiki nzima ya mazoezi. Tatu, viti vya choo. Seremala wa hapa hapa anatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati kwa nusu siku. Mama yule alitengenezewa kimoja, na ananiambia kimemsaidia kuliko dawa zote alizowahi kumeza. La nne linatuhusu wakalimani: tupewe muda. Daktari akisema dakika tano, tuachiwe dakika tano. Na pale ambapo hatukupewa, tuudai, badala ya kufanya nilivyofanya mimi.

Nilikwenda kwake baada ya kutoka hospitali, nikamweleza yote ambayo daktari alikuwa amesema siku ile ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, tukaenda pamoja kwa mtaalamu. Nilipomwomba msamaha alisema, "Ungeniambia tu, mwanangu. Masikio ninayo."

Hiyo ni miezi mitano sasa. Goti la kulia bado limepinda na daktari anasema hilo ndilo ambalo upasuaji ungelifaa, kama fedha zingepatikana. Goti la kushoto limepata nafuu sana. Anakwenda kanisani kwa miguu na mkongojo wake mkono wa kushoto, na njiani hupumzika mara moja, si mara tatu. Bombani bado anateremka kinyumenyume. Anasema amezoea.

Mafunzo ya mazoezi ya magoti yanafanyika kituoni kila Alhamisi saa tatu asubuhi, bila malipo na bila kadi ya rufaa. Mwenye kiti aje nacho, maana viti vya kituo ni sita tu. Na mwenye vidonge vya sokoni nyumbani avilete tuvione, hataulizwa alivinunua kwa nani. Kama amevitumia kwa wiki kadhaa, asiviache ghafla kabla ya kuonana na daktari.